Utumbo wa panya kwa nta na shanga: kumbukumbu ya mradi wangu, Tabora

Oktoba 5. Kielelezo cha utumbo mwembamba wa panya dume kimekamilika. Nimekifinyanga kwa nta ya nyuki, ambayo hapa Tabora haitafutwi mbali, na kila seli ni ushanga mmoja uliobanwa kwenye nta ikiwa bado vuguvugu. Umbo la ushanga linaonyesha aina ya seli, na rangi inaonyesha kromosomu X inayofanya kazi ndani yake. Kwa kuwa dume ana X moja tu, aliyoipata kwa mama, shanga zake zote ni nyeupe.

Chini ya vijidole vya utumbo kuna vishimo, na kwenye kitako cha kila kishimo zimekaa seli shina zenye alama ya jeni Lgr5, zilizotambuliwa mwaka 2007 katika maabara ya Hans Clevers nchini Uholanzi. Seli hizo hugawanyika, na wengi wa watoto wake hupanda hadi ncha ya kijidole, ambako hudondoka baada ya siku 3 hadi 5. Njiani ndipo kazi ya kila seli inapoamuliwa: ikipokea ishara ya Notch, ambayo seli hupewa na jirani inayoigusa, jeni Hes1 huizuia Atoh1 na seli hukua kuwa ya kufyonza chakula, isipoipokea, Atoh1 hufanya kazi na seli huwa ya kutoa ute, homoni au kinga.

Oktoba 13. Jike nilimwacha karibu na dirisha, na jua la mwezi huu likamlaza vijidole vyote upande mmoja. Nimeanza upya.

Oktoba 20. Kosa kubwa zaidi limeonwa na mwanafunzi wangu wa kidato cha tano. Nilijua kwamba jike ana X mbili na kwamba katika kila seli jeni Xist huinyamazisha moja, jambo ambalo msingi wake ulielezwa na Mary Lyon mwaka 1961. Kwa hiyo nilichanganya ovyo katika kila kishimo shanga nyeupe, za X ya mama, na nyekundu, za X ya baba. Akaniuliza, “Mwalimu, kama seli zote za kishimo ni uzao wa seli shina moja, rangi mbili zimetoka wapi?”

Hazitoki popote. Uamuzi wa kunyamazisha X hufanyika mimba ikiwa changa sana, kisha seli hurithishana uamuzi huo. Na wiki chache baada ya panya kuzaliwa, kila kishimo hubaki na uzao wa seli shina moja tu. Kishimo cha jike, basi, ni cheupe chote au chekundu chote. Kijidole, kwa kuwa hulishwa na vishimo kadhaa, hupata mistari inayopanda sambamba, mweupe ubavuni mwa mwekundu. Nilizing’oa shanga kwa sindano ya moto usiku kucha, na mstari wa kwanza ulipofika kileleni ukiwa umenyooka niliutazama kwa furaha kubwa.

Novemba 2. Si kila jeni hunyamaza. Kdm6a, ambayo huondoa alama zinazofunga jeni nyingine, husomwa kutoka X zote mbili, na mwenzake aliye kwenye Y, Uty, ana nguvu ndogo sana ya kuondoa alama hizo. Kwa maoni yangu hapa ndipo pa kuanzia kuuliza kwa nini seli za dume na za jike, zenye Notch na Atoh1 zilezile, zinaweza kusoma maagizo kwa viwango tofauti. Homoni nazo zina sehemu yake, kwani utumbo una vipokezi vya estrojeni.

Kutenganisha sababu hizo mbili, watafiti huhamisha jeni Sry, ile inayoanzisha korodani, kutoka Y hadi kromosomu nyingine isiyo ya jinsia, wakapata panya wa aina nne: XX mwenye ovari, XX mwenye korodani, XY mwenye ovari na XY mwenye korodani. Vielelezo viwili ninavyo. Viwili vilivyobaki nitaanza kuvifinyanga Jumamosi, mbali na dirisha.