Karakana yangu haina msingi

Nasema hivyo mapema kwa sababu kila anayefika shambani hulizunguka jengo akitafuta mawe, na asipoyaona huniuliza limesimamaje. Limesimama kwa nguzo 11 zilizochimbiwa ardhini mita 1.2. Uzito wa paa unashuka kwenye nguzo moja kwa moja hadi chini. Kuta ni mabati tu yaliyopigiliwa kwenye mbao zilizolala kati ya nguzo na nguzo.

Ujenzi wa namna hii ulishika kasi Marekani katika miaka ya 1930, watu walipoanza kutumia nguzo kama zile za nyaya za umeme kujengea mazizi ya farasi na maghala. Sababu yao ndiyo yangu: hakuna kuchimba mtaro kuzunguka jengo zima wala kujenga ukuta wa kubeba paa, na ndani unabaki na uwanja mtupu usio na nguzo hata moja katikati. Kwa seremala uwanja huo ni mali. Vipimo vyangu ni mita 6 kwa 9, na hiyo 9 haikutoka hewani. Mbao ya mita 3.6 ikipita kwenye msumeno wa meza inataka mita 3.6 za nafasi mbele na nyingine 3.6 nyuma, ukijumlisha na mashine yenyewe na mahali pa kusimama umeshapita 8. Watu wengi hupima karakana kwa kuhesabu mashine. Mimi nilipima kwa mbao ndefu kuliko zote ninazopasua.

Sasa kuhusu nguzo, maana hapo ndipo jengo lote linapoamuliwa. Nguzo ya mbao haiozi popote tu. Inaozea kwenye kipande kifupi, pale inapotoka ardhini. Kuvu wanaokula mbao wanahitaji vitu viwili kwa pamoja, unyevu na hewa. Chini kabisa unyevu upo lakini hewa ni haba. Juu hewa ipo lakini mbao inakauka. Pale usawa wa udongo vyote vinakutana, na mchwa nao wanapita hapohapo. Ukiona banda la zamani limelala upande, chimba kidogo utazame: mara nyingi kitako cha nguzo bado ni kizima, na juu ni kizima, ila shingo imeliwa.

Kwa hiyo nilinunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani kwa mashine ya shinikizo, si za kupakwa kwa brashi. Dawa ya brashi inakaa kwenye ngozi ya mbao tu, na mbao ikipasuka kwa jua ufa unaingia hadi sehemu isiyo na dawa. Ncha niliyoikata mwenyewe ilikwenda juu. Ile iliyotoka kiwandani ikazama ardhini, kwa kuwa ukikata unafungua moyo wa mbao ambao dawa haikuufikia. Hata huko juu kila mkato ulipakwa dawa upya kabla ya kufunikwa. Na vile vipande vilivyobaki, tafadhali, visiende jikoni. Mbao zenye dawa ya shaba, kromu na aseniki hazichomwi kwa namna yoyote, moshi wake ni sumu na majivu yake ni sumu pia. Shaba hiyohiyo hula chuma, ndiyo maana misumari na bolti zote zinazogusa nguzo ni zile zilizochovywa kwenye zinki.

Mashimo tulichimba mimi na shemeji, mdogo wa mume wangu, kwa sururu na mtaimbo. Juu ya uchimbaji wenyewe sina la kusimulia, ni jasho. Chini ya kila shimo tulimwaga zege bapa, likakauka kabla nguzo haijakanyaga, ili uzito usiizamishe kwenye udongo laini. Kisha kila nguzo ikafungwa vipande viwili vya mbao yenye dawa kwenye kitako chake, kimoja kila upande, na zege likamwagwa kuvizunguka. Vipande hivyo vinafanya kazi ambayo wengi hawaifikirii. Kwenye jengo jepesi la bati, adui mkubwa si uzito, ni upepo unaovuta paa kwenda juu. Mwendo wa upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake inakuwa mara nne. Nguzo isiyo na vipande hivyo, iliyosimikwa kwenye udongo peke yake, inaweza kung'oka. Hii yangu, ili ing'oke, lazima iondoke na zege lake.

Shemeji alikuwa na wazo la kumaliza mapema. "Shem, si tujaze zege mpaka juu tusahau?"

Nikamwambia afikirie mbao ikishakauka. Mbao hunywea ikikauka, zege halinywei nayo, na kati yao unabaki mwanya mwembamba. Zege likiishia usawa wa ardhi au chini kidogo, umeitengenezea nguzo bakuli la maji, tena pale pale shingoni. Ama zege lipande juu ya udongo na kuchongwa limwage maji nje, ama liishie chini kabisa. Mimi nilichagua la pili: zege sentimita 40 za chini, kisha udongo uliochanganywa na kokoto, tabaka la sentimita 15 kwa wakati, ukishindiliwa kabla ya kuongeza jingine. Juu kabisa udongo umepandishwa kuegemea nguzo ili maji yakimbie. Shemeji alishindilia bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni nadra.

Kupanga pembe ni kazi ya uzi na vigingi. Pima mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na mshazari ukisoma 5 kona ni mraba. Halafu hakikisha na jengo zima: kwa 6 kwa 9, kila mshazari uwe mita 10.82. Vitu vidogo kama hivi vinalipa ukifika kwenye mabati, kwa sababu bati haliombwi, ni nyoofu kama lilivyotoka kiwandani. Urefu wa nguzo hauhitaji kulingana wakati wa kusimika. Nilizipata ndefu kuliko mahitaji, tukazisimamisha wima kwa timazi, yaani uzi wenye kizito, tukazishikilia kwa mbao za mshazari, kisha tukahamisha usawa kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani na kukata vichwa vyote kwa alama moja. Mpira wa maji haukosei, mradi usiwe na kiputo cha hewa tumboni. Kagua kwanza.

Zile mbao za mshazari za muda nilizitoa baada ya za kudumu kuingia. Fremu ya mraba inasukumika ikawa msambamba. Pembetatu haisukumiki mpaka kitu kivunjike. Kila kona ina mbao ya mshazari kutoka juu ya nguzo moja hadi karibu na chini ya jirani yake, na kila nguzo iliyobeba kenchi, yaani fremu ya mbao inayoshika paa, ina kiegemeo kifupi juu. Mabati ya ukutani nayo yanasaidia kukaza, lakini siku ukitoboa dirisha ndio umepunguza msaada huo.

Kenchi zimekaa kila mita 3 juu ya nguzo, zimefungwa kwa bolti na washa kubwa, si misumari. Papi, zile mbao zinazopita juu ya kenchi kubeba mabati, zimesimamishwa kwa ubavu. Mbao ya inchi 2 kwa 4 ikisimama hukataa kupinda mara nne zaidi ya ikilala, na bado fundi atakuja kukulazia papi kwa sababu kupigilia ni rahisi. Simama hapo hapo. Bati la mita 6 likipata joto kwa nyuzi 40 hurefuka karibu milimita 3, kwa hiyo misumari yenye mpira chini ya kofia si anasa. Bila mpira huo, mvua huingia kwenye tundu lililopanuka. Mabati tulianza kuyaezeka upande ambao upepo unaelekea, ili kiungo kisifunguke usoni mwa mvua.

Mvua ya milimita 10 juu ya paa hili ni lita 540, na bila mfereji wa bati zote zinashuka kwenye mistari miwili, sawia na miguu ya nguzo. Mifereji iliwekwa kabla ya mlango.

Sakafu ilikuja mwisho: nailoni, kisha zege la sentimita 10, usawa wake sentimita 15 juu ya uwanja wa nje. Kila nguzo nilizungushia nailoni ili zege lisiing'ang'anie. Tulilimwagilia maji wiki nzima, na mashine nzito hazikuingia mpaka siku 28 zipite, shemeji akiniuliza kila jioni kama zege limekomaa.

Mlango ni mita 3, uko upande wa mita 6, unateleza kwenye reli kwa nje. Upepo ukivuma naufunga hata kama nina joto, maana mlango mpana ukiwa wazi hujaza upepo ndani ukasukuma paa kutoka chini, huku mwingine ukilivuta kutoka juu. Msumeno wa meza umeshika katikati, benchi liko ukutani chini ya bati la kupitisha mwanga. Bado sijavuta umeme wa kudumu. Shemeji ameshauliza kama kona ya nyuma inatosha pikipiki yake. Kona hiyo ni ya mbao zinazokauka, na nimemwambia hivyo.