Kiingereza cha sebuleni kwa jirani

Jana jioni mgeni mmoja alinikabidhi ufunguo akielekea mjini kula, nami bila kufikiri nikamwambia, "Promise me you'll come back." Nilitaka tu kujua kama atarudi kabla hatujafunga geti. Alicheka mpaka akashika kaunta. Nikajua nimeumbuka tena. Kiingereza changu ni cha tamthilia za mapenzi, na kila nikifungua mdomo kinatoka na machozi yake.

Niko mapokezi kwenye gesti hapa Dodoma, mwaka wa tatu sasa. Bunge la bajeti likianza Aprili, mpaka Juni sina hata muda wa kukaa. Miezi mingine ndiyo hii, naandika.

Nilianza kuzitazama kwa jirani nikiwa darasa la sita, Chang'ombe, maana kwetu hakukuwa na TV. Kwa jirani unavua ndala mlangoni, unaamkia, unakaa mkekani karibu na ukuta, na ukikohoa hovyo unatazamwa. Tamthilia zilikuwa za Mexico na Ufilipino, zimeingizwa sauti za Kiingereza. Mdomo umeshafunga, sauti bado inaendelea kulaumu. Shuleni tulisoma kila kitu kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo la kunakili ubaoni. Pale mkekani ndipo nilipokisikia kwa mara ya kwanza kwa watu wenye hasira.

Bibi alikuwa anakuja nami. Yeye ni Kigogo na Kiswahili, basi. Lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Huyo anamdanganya," kabla hata muziki haujabadilika. Mimi nashika maneno, yeye anashika watu. Mara nyingi alipatia.

"He" na "she" vilinitesa. Sisi tuna "yeye", akiwa mume au mke utajua mbele ya safari. Siku moja wakati wa mapumziko rafiki yangu alitangaza kwa Kiingereza chake kwamba "he is pregnant", na huyo "he" ndiye kijana tuliyekuwa tunamgombania sote. Tulibishana mpaka kengele ikalia. Sijarudia kosa hilo, nadhani kwa sababu ya aibu zaidi kuliko sarufi.

Ila hakuna neno lililonichanganya kama "sorry". Mwalimu alitufundisha ni samahani. Sasa kwenye tamthilia msichana kafiwa na baba, shoga yake anamkumbatia: "I'm so sorry." Nikashtuka. Kumbe ndiye aliyemuua! Nilisubiri polisi wiki nzima, jioni baada ya jioni, na umeme ukikatika nilikosa raha nikidhani wamemkamata gizani. Nilimweleza bibi. Akaniangalia. "Huyo anampa pole," akasema.

Kumbe wenzetu neno la mkosaji na neno la anayehani msiba ni moja. Sisi pole tunampa hata aliyejikwaa, aliyetoka safari, aliyebeba ndoo kutoka bombani, na anayeitoa hana kosa lolote. Kwao ni lazima umtazame mtu usoni ndipo ujue anatubu au anakufariji.

Baadaye tamthilia zikaanza kuingizwa Kiswahili. Ile ya Kichina ya mkwe na mama wakwe, TBC mwaka 2011, bibi aliifuata kama ibada. Kila akipatia ananigeukia: "Unaona?" Kiingereza changu kikabaki pale kilipofikia.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kizungu alipigiwa simu akiwa pale kaunta. Alisikiliza, akakaa kwenye kochi na simu mapajani. Baadaye akaniambia mama yake amefariki. Nilitoka nyuma ya kaunta nikasema "I'm sorry", na ikatoka na ile sauti yetu ya pole, ya kuvuta. Akanishika mkono. "Thank you." Nikamletea chai, tukakaa.

Kisha akaanza kuniuliza habari za tiketi yake ya treni ya SGR, aibadilishe vipi ili awahi ndege Dar. Hapo nikaishiwa kabisa, ikabidi nimwite bosi. Kwenye tamthilia hakuna anayebadilisha tiketi. Wanakimbilia tu uwanja wa ndege kumzuia mtu asiondoke.