Nilivyopitisha Mizigo ya Upanuzi wa Kambi Kisiwani Guam

Kila aliyenishauri kabla sijaanza uwakala wa forodha Guam alisema jambo lile lile: mizigo ya jeshi haikaguliwi, na kinachopungua bandarini ni kreni tu. Ushauri huo unaniudhi hadi leo. Saruji, nondo na mitambo ya makandarasi waliokuja kujenga kambi ya askari wa Marine wa Marekani wanaohamishwa kutoka Okinawa, Japani, hupita bandari ya biashara ya Apra, pamoja na mchele wa wakazi, na hukaguliwa na forodha na karantini ya Guam yenyewe, kwa kuwa kisiwa hicho, ingawa ni cha Marekani, kiko nje ya eneo lake la forodha.

Makubaliano ya 2006 kati ya Marekani na Japani yalitaja askari wapatao 8,000 na jamaa zao 9,000, wote wawe wamefika 2014. Mwaka 2012 hesabu ikashushwa hadi askari 5,000 hivi. Waliokodi maghala makubwa kwa hesabu ya kwanza walijuta. Mimi fedha zangu nilizitia kwa makarani wanaojua kusoma hati, na kwa kuosha mitambo.

Greda lililotumika likija na tope la nchi nyingine chini ya tumbo lake, halitoki yadini. Niliagiza kila mtambo uoshwe kwa maji ya moto kabla ya kupakiwa melini na upigwe picha uvunguni, jambo lililogharimu dola mia chache kwa mtambo, bei ndogo mno mbele ya tozo za kukaa bandarini. Mbao za kufungashia nazo zilitazamwa kwa jicho kali, maana mwaka 2007 aina ya chonga wa Asia, yule mbawakawa mwenye pembe, aligunduliwa Guam akitafuna minazi, na mtu wa pwani kama mimi hahitaji kuelezwa maana yake.

Ila kazi niliyoifurahia zaidi ni ya mizigo inayotoka Guam kwenda visiwa jirani vya Saipan na Tinian. Nyoka wa miti wa rangi ya kahawia, anayeaminika kuingia na shehena za kijeshi baada ya Vita Kuu ya Pili, alikwisha kumaliza karibu ndege wote wa asili wa misitu ya Guam, na visiwa hivyo havimtaki. Kwa hiyo mbwa hunusa mzigo kabla ya kuondoka. Kampuni moja ilikaguliwa jioni, ikaacha makontena wazi usiku kucha ikingoja sanduku moja lililochelewa. Nyoka huyo hutambaa usiku na mchana hujibanza penye giza, hivyo asubuhi mbwa walianza upya na meli ikaondoka bila mzigo.

Mimi niliomba mbwa waje asubuhi wakati wa kupakia, kila kifaa kinuswe kikiingia, milango ifungwe na lakiri ipigwe kabla ya magharibi, na kontena likae katikati ya uwanja mtupu, mbali na miti na uzio. Sanduku lililochelewa lilisubiri meli nyingine, hata mwenyewe apige kelele vipi. Meneja wa kampuni ile, aliyekuwa akinicheka kwa kupangia mbwa ratiba, baadaye aliniomba nakala yake. Nilimpa, kwa malipo.