Sitatiwa Chini ya Uwezo wa Kitu

Andiko: 1 Wakorintho 6:12

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mkute kijana na vape, ile sigara ya kielektroniki, na jibu lake la kwanza utalijua kabla hajafungua kinywa: "Mama, hii si sigara, ni mvuke tu." Wazazi wengi hukwama hapo. Majivu hakuna, nguo hazinuki, chumba kinanukia embe. Na kama amelelewa kanisani ataongeza kuwa Biblia haijaikataza. (Hata sigara haikutajwa, lakini tuendelee.)

Wakorintho nao walikuja na hoja ya namna hiyo: vitu vyote ni halali. Paulo hakukaa kubishana nao kuhusu halali na haramu. Alijibu, "mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote." Kumbe swali ni nani anayemwamrisha mwenzake, wewe au hicho kidude?

Kidude chenyewe kinaweza kuwa kidogo kama flashi ya kompyuta. Ndani mna majimaji yenye ladha na, mara nyingi, nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu ashindwe kuacha. Betri inapasha moto kijiwaya, majimaji yanageuka ukungu. Si mvuke wa chai huo. Umekutwa na chembe za metali kama nikeli na risasi, na joto likizidi hutokea formaldehidi, kemikali yenye sumu. Ladha iliyo salama kwenye keki haijawa salama kwenye mapafu.

Marekani waliliona hili mwaka 2019, vijana walipoanza kufika hospitalini hawawezi kupumua. Kufikia Februari 2020 wagonjwa walikuwa wamepita 2,800, na vifo 68. Tuseme kweli yote: lawama kubwa iliangukia vitamini E asetati, aina ya mafuta iliyochanganywa hasa kwenye majimaji ya bangi ya magendo. Lakini anayenunua kwa rafiki nyuma ya bweni atajuaje kilichomo?

Mimi kinachoniogopesha zaidi ni nikotini. Ubongo huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, na nikotini huingilia sehemu zinazohusika na umakini, kujifunza na kujizuia. Zamani sigara ya kwanza ilimkohoza mtu hadi machozi, na kikohozi hicho kiliwaokoa wengi. Siku hizi vifaa vingi hutumia chumvi ya nikotini, ambayo haikwaruzi koo hata ikiwa kali. Mtoto anavuta nyingi, wala hashtuki. Uganda ilipiga marufuku sigara hizi za kielektroniki kwa sheria ya mwaka 2015. Kwingine tumebaki kusubiri.

Mzazi, ukigundua, kemeo liweke kando kwanza. Kaa naye, umuulize: "Ukiamka, unakaa muda gani kabla ya kuvuta?" Akisema huvuta hata kabla hajatoka kitandani, tayari amekamatwa, na hapo mtafute daktari au mshauri nasaha mapema. Akianza kuacha atakuwa na hasira, usingizi utampaa, kitabu hakitasomeka. Usimwite mkaidi. Siku chache za kwanza ndizo kali kuliko zote, kisha hali hupungua kwa wiki kadhaa. Katika siku hizo ombeni pamoja asubuhi, saa ile ile kiu inapobana.

Ee Bwana, uliyempulizia Adamu pumzi ya uhai, wape vijana wetu nguvu ya kukataa, nasi wazazi utupe subira ya kukaa nao. Amina.