F40 inauzwa, na mimi nshaanza kuikagua kama vile nina hela

Mshkaji kanitumia tangazo jana usiku, Ferrari F40 ya 1990, nyekundu, ipo Italia, imetembea kilomita elfu nne na kidogo tu, bei hawajaandika eti upige simu, na bei ya kupiga simu wote tunaijua ikoje. Sina hela hata ya taili zake lakini nimekesha nakuza picha moja moja.

Niliyokaa nayo sana ni ya ubavuni, imepigwa juani. Ukikazia macho unaona chini ya ule wekundu kuna kitu kimesukwa, kama mkeka umepakwa rangi. Sa fundi wa mtaani kwetu atakwambia hiyo rangi imefeli, tupige upya. Kumbe ndo penyewe! Bodi ni nyuzi za kaboni na kevla zilizosukwa, na kule Maranello, kiwandani kwa Ferrari, walipaka rangi nyembamba makusudi kupunguza uzito, kwahiyo F40 yenye rangi nzito inayong'aa kama kioo ndo ya kuitilia shaka, uliza iligongwa wapi.

Ndani hamna kitu na ndo raha yake. Hamna redio, hamna kapeti, mlango unafungua kwa kuvuta kamba, kamba kabisa kama ya banda la kuku, na kwenye maungio gundi ya kijani inaonekana wala hawajahangaika kuificha. Pawa stelingi hamna, ABS ya kuzuia breki zisijifunge hamna, afu nyuma yako kuna injini ya V8 ya lita 2.9 na turbo mbili, farasi 478. Ilitoka 1987 Ferrari ikitimiza miaka 40, mzee Enzo Ferrari mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni, akiwepo, mwaka uliofuata akafariki.

Ila hizo kilomita elfu nne ndo zinaniudhi. Muuzaji kaziweka juu kabisa kwa herufi kubwa, mi naona gari limewekwa ndani kama mwali miaka 30 na ushee, bora lingekuwa na elfu arobaini na mafaili ya sevisi. Tanki za F40 ni mifuko ya mpira yenye sponji ndani, mambo ya magari ya mashindano, na kila miaka 10 hivi inabidi ubadili, utembee usitembee, maana sponji ikianza kumeguka inaenda kuziba filta. Mikanda ya injini nayo inazeeka hivohivo gari likiwa limepaki. Tangazo zima wamesifia rangi na siti, tanki kimya. Ningekuwa na hela ningepiga hiyo simu, bei ningeacha kwanza, niulize risiti ya tanki ni ya mwaka gani.