Nilivyochagua mashine ya leza ya kuondoa nywele kwa ajili ya kliniki

Kabla ya kuomba bei kwa muuzaji yeyote, niliorodhesha ngozi za wateja wangu kwa kipimo cha Fitzpatrick, kinachopanga ngozi kutoka nyeupe kabisa (daraja la 1) hadi nyeusi kabisa (la 6). Wengi waliangukia la 5 na la 6, na hapo mashine nyingi zilijiondoa zenyewe.

Leza hii huwinda melanini, ile rangi nyeusi. Nywele ikiunyonya mwanga hupata joto, na joto hilo huharibu kitundu kinachoiotesha. Lakini ngozi nyeusi nayo imejaa melanini, tena tabaka la juu, kwa hiyo mwanga unakutana nayo kabla haujafika kwenye mzizi. Kadiri wimbi linavyokuwa refu, ndivyo ngozi inavyolinyonya kidogo na ndivyo linavyozama zaidi. Aleksandraiti ya nanomita 755 inafaa ngozi nyeupe. Kwenye daraja la 6 ni rahisi sana kuunguza. Nd:YAG ya 1064 ndiyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi, ingawa inauma na haizimudu vizuri nywele nyembamba. Dayodi ya 808 au 810 iko katikati. IPL si leza, ni taa yenye mawimbi mengi kwa pamoja, na kwa wateja wangu sikuifikiria kabisa.

Kuna mashine za dayodi zinazouzwa kwa sifa ya "mawimbi matatu", yaani 755, 808 na 1064. Uliza swali moja: je, 1064 inaweza kupigwa peke yake? Kama kichwa (kile kishikio kinachopiga mwanga kwenye ngozi) kinatoa yote matatu kwa mkupuo, mteja wa daraja la 6 anapigwa na ile 755 pia, upende usipende.

Kisha nikachukua kikokotoo, na ningemsihi kila mnunuzi afanye hivyo. Wati zinazotangazwa mara nyingi ni za umeme unaoingia kwenye mashine, si za mwanga unaotoka kwenye kichwa. Chukua kichwa chenye kioo cha kutolea mwanga cha milimita 12 kwa 12: eneo lake ni sentimita za mraba 1.44. Ukitaka juli 20 (juli ni kipimo cha nishati) kwa kila sentimita ya mraba, unahitaji juli 28.8 kwa mpigo mmoja. Mpigo wa milisekunde 30 unadai wati 960 za mwanga. Kichwa chenye wati 600 kwa muda huohuo kinatoa juli 18 tu, yaani 12.5 kwa sentimita ya mraba, hata kama skrini imeandika 20. Wati 600 si kosa. Zinafikisha juli zilezile kwa milisekunde 48, na ngozi nyeusi hupenda mpigo mrefu, kwa sababu tabaka la juu hupoa haraka wakati nywele nene bado imeshikilia joto. Kosa ni skrini isiyosema kweli. Nywele zinapukutika, zinarudi, mteja anakata tamaa. Halafu mhudumu aliyezoea "20" hiyo akihamia kwenye mashine sahihi, anamuunguza mtu.

Kwa hiyo nilidai kupima nguvu mbele yangu kwa kifaa cha kupimia juli, kichwa kikiwa baridi, na tena baada ya dakika 20 za kupiga mfululizo. Ikishuka sana, upoozaji wake ni dhaifu. Baada ya dakika hizohizo niligusa kioo cha yakuti, mashine ikiwa imesimamishwa kupiga: kinatakiwa kiwe bado baridi. Kikiwa vuguvugu, ngozi haina kinga.

Maji ndiyo yanayoua vichwa vingi. Dayodi hupozwa na maji yanayopita kwenye vijia vyembamba kuliko unavyodhani. Maji ya bomba huacha ukoko wa chokaa, vijia vinaziba, dayodi zinaungua moja baada ya nyingine. Tumia maji yaliyoondolewa madini, na ubadilishe maji na filta kwa ratiba ya mtengenezaji. Kwenye mkataba niliandikisha idadi ya mipigo inayodhaminiwa kwa kichwa, bei ya kichwa kipya, na kichwa cha kuazima wakati changu kipo matengenezo. Miguu miwili ya mtu mzima hula maelfu ya mipigo, kwa hiyo gharama ya kichwa igawe kwa mipigo kabla ya kupanga bei ya huduma.

Stabilaiza ya umeme ni lazima. Miwani iwe na namba ya wimbi la leza yako iliyochapwa juu yake, kwa mhudumu na mteja. Miwani ya 755 haimlindi mtu dhidi ya 1064.

Salio sikulilipa siku ya kupokea mashine. Tulinyoa sehemu ndogo kwa wembe (waxi inang'oa mzizi, leza inakosa cha kulenga), tukapiga vidoa vitatu vya nguvu tofauti kwa watu waliokubali wa daraja la 4, la 5 na la 6. Uvimbe mdogo kuzunguka vitundu ni dalili njema. Lengelenge hujitokeza mapema, lakini weusi unaobaki kwenye ngozi nyeusi hukawia, ndiyo maana tulivikagua tena baada ya wiki 2. Ngozi ilipoonekana safi, ndipo nikaidhinisha malipo.