Kinacholindwa ni kitu, si jina: kumbukumbu katika viendelezi vya C kwa ajili ya R

Mtu anayechambua takwimu kwa lugha ya R anaweza kufanya kazi miaka mingi pasipo kujiuliza kumbukumbu ya kompyuta inagawiwa na nani na inarudishwa lini. Anaunda vekta, yaani mfuatano wa thamani, anaitumia, na isipohitajika tena mfumo wenyewe unaichukua nafasi ile na kuigawa upya. Raha hiyo inapungua anapoamua kuandika sehemu ya kazi kwa lugha ya C, kwa sababu R haioni ndani ya msimbo wa C, wala haijui ni vitu gani ambavyo msimbo huo bado unavitegemea. Ni lazima iambiwe. Vijana wanaosoma takwimu hapa Dodoma huniuliza mara kwa mara namna ya kuiambia, na majibu ninayowapa kwa mdomo yamekuwa marefu kiasi kwamba ni afadhali niyaandike.

Nitumie mfano wa nyumbani. Visima vya Makutupora, kaskazini mwa jiji, vimelinywesha jiji hili kwa miongo mingi. Kiwango cha maji ya ardhini pale kimepimwa kwa zaidi ya nusu karne, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulitumia rekodi ya miaka 55 kuonyesha kwamba akiba hiyo haijazwi kwa kiasi sawa na kila msimu wa mvua. Hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, ukiwamo ule wa El Niño wa 1997/98. Tuseme basi tunataka kuandika modeli ndogo ya mizania ya maji: mvua ya leo inaingia ardhini, sehemu inarudi hewani, na kinachozidi uwezo wa udongo kinateremka chini. Unyevu wa leo unategemea unyevu wa jana, kwa hiyo hesabu haiwezi kufanywa kwa vekta nzima kwa mkupuo mmoja. Ni lazima ipite siku hadi siku.

Kwa kupita mara moja tu, C haihitajiki. Tangu toleo la 3.4.0 la mwaka 2017, R hutafsiri mizunguko yake, yaani hatua zinazorudiwa, kuwa msimbo wa baiti unaotekelezwa haraka zaidi, bila kuombwa, na madai kwamba mzunguko katika R ni wa polepole kama kinyonga yamepitwa na wakati. Haja ya C inajitokeza tunapotaka kujaribu seti 10,000 za vigezo, kwa kuwa siku za miaka 55, zinazozidi 20,000 kidogo, zikirudiwa mara 10,000, ni hatua zaidi ya milioni 200. Na hapo swali la kwanza la kumbukumbu halina uhusiano wowote na C: je, tunahitaji kuhifadhi matokeo ya kila hatua? Namba ya desimali katika R huchukua baiti 8, kwa hiyo hatua milioni 200 ni gigabaiti 1.6, mzigo mzito kwa kompyuta mpakato za gigabaiti 8 ambazo wengi wetu tunazo. Tukihifadhi jumla ya kila mwaka tu, miaka 55 kwa seti 10,000 ni megabaiti 4.4. Uamuzi huo mmoja una faida kubwa kuliko ustadi wowote wa C, na unafanywa kwa kalamu na karatasi kabla ya kufungua kompyuta.

Sasa tuingie ndani. Kila kitu katika R, iwe vekta, orodha au fankisheni, kwa upande wa C kinashikwa kwa kielekezi, yaani anwani ya kitu kwenye kumbukumbu, cha aina ya SEXP. R ina mzoa taka wake ambaye, kila nafasi mpya inapoombwa, anaweza kuamka, akaanza na vitu anavyovijua kuwa vinatumika, akafuata kila kinachoshikwa na hivyo, kisha akachukua vilivyobaki. Vitu anavyoanzia ni pamoja na vile vilivyowekwa kwenye staki ya ulinzi, nasi huviweka pale kwa PROTECT na kuviondoa kwa UNPROTECT. Kigeu cha C kinachoshikilia kielekezi hakimo katika hesabu yake. Kwa sababu hiyo mistari miwili ifuatayo, ambayo kwa macho ya haraka inaonekana salama, si salama:

SEXP kina = PROTECT(Rf_allocVector(REALSXP, n));
kina = Rf_coerceVector(kina, INTSXP);

Mstari wa kwanza umelinda vekta ya desimali. Mstari wa pili umeunda vekta nyingine, ya namba kamili, na kuipa jina lilelile. Vekta ya zamani, ambayo hatuihitaji tena, bado inalindwa. Mpya, tunayoihitaji, haina ulinzi wowote. Kinacholindwa ni kitu chenyewe, si jina tunalokiitia. Anayetaka kubadilisha kitu chini ya jina moja na ulinzi uendelee anapaswa kutumia PROTECT_WITH_INDEX pamoja na REPROTECT, au, kama ninavyopendelea mimi, akipe kitu kipya jina jipya na kukilinda upya.

Ubaya wa kosa la namna hii ni kwamba mara nyingi halionekani. Mzoa taka wa R havihamishi vitu, na vekta ndogo, zisizozidi baiti 128, hugawiwa kutoka katika kurasa ambazo R hubaki nazo. Kitu kikishaachwa, namba zake zinaweza kuendelea kusomeka kwa muda kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka kitu kingine kigawiwe nafasi hiyohiyo. Hapo programu inaweza isianguke kabisa. Inaweza kuendelea kwa utulivu ikitoa kiwango cha maji ambacho hakijawahi kuwapo. Kwa mtu wa takwimu, programu inayoanguka ni afadhali mara mia kuliko ile inayotoa jibu lenye sura ya ukweli.

Kwa hiyo swali la kujiuliza katika kila mstari ni hili: je, mstari huu unaweza kuomba nafasi mpya? Rf_allocVector inaomba, Rf_coerceVector inaweza kuomba, na Rf_setAttrib pia, jambo ambalo wengi hulisahau. Kwa upande mwingine, vipo visivyohitaji kulindwa. Thamani zilizopitishwa na .Call, fankisheni ambayo R huitumia kuita msimbo wa C, tayari zinalindwa na aliyeita. Alama zinazopatikana kwa Rf_install hazizolewi kamwe. Kitu kilichowekwa ndani ya orodha iliyolindwa kinalindwa pamoja nayo. Wapo wanaolinda kila kitu kwa woga, nami siwalaumu, ila wasifanye hivyo ndani ya mzunguko pasipo kuondoa, kwani staki hiyo kwa kawaida ina nafasi 50,000 tu, na ikijaa kazi inasimama.

Njia ninayoifuata inapunguza maswali hayo karibu yote. Nafasi zote naziomba mwanzoni: matriki ya matokeo, majina ya safu wima, na chochote kingine kitakachorudishwa kwa R. Baada ya hapo nachukua vielekezi vya namba kwa REAL, na kuanzia hapo hadi mwisho wa hesabu msimbo haugusi R isipokuwa kwa jambo moja nitakalolitaja. Kwa kuwa vitu havihamishwi, vielekezi hivyo vinabaki sahihi maadamu vekta zenyewe zinalindwa. Mzunguko wa siku na wa vigezo unakuwa C tupu, hesabu na hesabu tu. Faida ya ziada ni kwamba mzunguko wa namna hiyo unaweza kugawanywa kwa nyuzi kadhaa za utekelezaji, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba, ilhali fankisheni za R haziruhusiwi kuitwa kutoka kwenye nyuzi zaidi ya moja. Wakati mwingine naenda mbali zaidi: matriki inaundwa kwa R yenyewe, kisha C inaijaza. Hilo lina hatari yake, nami nitalirudia.

Nafasi ya muda ya kufanyia kazi, kama vile unyevu wa kila tabaka la udongo, isiombwe kwa malloc, fankisheni ya C yenyewe ya kuomba nafasi, bila sababu nzito. Kosa likitokea na Rf_error ikaitwa, R hairudi kwa utaratibu kupitia fankisheni zetu. Inaruka moja kwa moja hadi kwake, na mistari ya free, ya kurudisha nafasi hiyo, iliyokuwa ikisubiri chini haifikiwi. R hujirekebishia staki ya ulinzi yenyewe baada ya kuruka hivyo, lakini nafasi ya malloc haiijui. Nafasi iliyoombwa kwa R_alloc inarudishwa .Call inapokwisha, iwe kwa heri au kwa kosa. Jambo lile moja nililolitenga ni R_CheckUserInterrupt, inayomwezesha mtumiaji kusimamisha hesabu ndefu. Nayo pia inaweza kuruka, kwa hiyo mwenye malloc mkononi na kitufe cha kusimamisha mezani amejitegea mtego. Naiita baada ya kila seti ya vigezo, si kila siku, na kamwe si kutoka ndani ya nyuzi zilizogawanywa.

Wanaoandika kwa C++ wana shida ya ziada, kwa kuwa kuruka huko kunavipita pia viharibifu vya vitu vyao, ambavyo ndivyo C++ inavyovitegemea kurudisha nafasi. R_UnwindProtect, iliyoletwa na R 3.5.0, ipo kwa ajili ya hali hiyo, na pakeji za Rcpp na cpp11 zinaibeba kazi hiyo kwa niaba ya mwandishi. Kwa anayeanza, ningemshauri aanze nazo. Hata hivyo asome kinachofanyika chini yake, maana pakeji hizo hazimzuii kuita C ghafi pale anapotaka.

Nirudi kwenye kujaza kitu kilichotoka R. Katika R, mtu akiandika b <- a, hakuna nakala inayofanywa papo hapo. Majina mawili yanashika vekta moja mpaka mojawapo libadilishwe. C ikiandika ndani ya vekta hiyo bila kuuliza, zote mbili zinabadilika, na data ya mvua aliyoisoma mtumiaji asubuhi inaweza kuwa imeharibika mchana pasipo onyo lolote. Tangu R 4.0.0 mfumo unahesabu marejeleo ya kila kitu, na MAYBE_SHARED inaeleza kama kuna mwingine anayekishika. Ikiwa yupo, Rf_duplicate kwanza. Data ya kuingia mimi huisoma kwa REAL_RO, ili kompaila yenyewe inikatalie nikijaribu kuandika.

Kuna hali ambapo modeli nzima inaishi upande wa C na R inapewa kielekezi cha nje tu. Hapo tunasajili fankisheni ya kumalizia kwa R_RegisterCFinalizerEx, itakayoitwa kitu kikiachwa. Tatizo ni kwamba mzoa taka anaona kitu kidogo sana, hata kama nyuma yake kuna megabaiti 400, kwa hiyo haoni sababu ya kuharakisha. Kwa modeli kubwa naweka fankisheni ya kufunga ambayo mtumiaji anaiita mwenyewe, na ile ya kumalizia inabaki kwa ajili ya aliyesahau. Baada ya kufunga kielekezi kinafutwa kwa R_ClearExternalPtr, ili nafasi ileile isirudishwe mara mbili.

Majaribio nayafanya kwa gctorture(TRUE), inayomwamsha mzoa taka katika kila ombi la nafasi, hivyo kitu kisicholindwa hakipati muda wa kujificha. Inachelewesha kazi mno, kwa hiyo data ya majaribio iwe ya mwezi mmoja wa mvua, ikiwezekana Januari, maana mwezi wa Julai wa Dodoma utakupa sifuri tupu na namba iliyoharibika kuwa sifuri haitajulikana. Baada yake napitisha Valgrind, programu ya kukagua matumizi ya kumbukumbu, kutafuta nafasi za malloc zilizopotea, na rchk ya Tomas Kalibera, inayosoma msimbo uliokompailiwa bila kuuendesha na kutaja fankisheni zenye dalili za ulinzi pungufu. Hii ya mwisho hulalamika wakati mwingine pasipo sababu, lakini mara nyingi mstari iliolalamikia unastahili kuandikwa upya hata kama ulikuwa sahihi.